Kusi haiishii ikweta: jibu kwa mwalimu wa Tanga

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sekondari, hapa Tanga. Tunafundisha kwamba zipo pepo za biashara zinazovuma mwaka mzima kwa uelekeo ule ule, moja kutoka kaskazini mashariki na nyingine kutoka kusini mashariki, na kwamba zote mbili zinaelekea ikweta na kukutana hapo. Juzi mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, akaniuliza: "Mwalimu, sasa mbona kwetu upepo unageuka? Ikija kaskazi tunakwenda hivi, ikija kusi tunakwenda hivi. Na kusi yenyewe haiishii ikweta, babu alikuwa akisema majahazi yanakwenda nayo mpaka Arabuni." Sikuwa na jibu la kumridhisha. Je, kusi na kaskazi ni pepo za biashara au ni kitu kingine? Na ni kweli kwamba El Niño inaletwa na pepo hizo kulegea?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwambie huyo mtoto kwamba yuko sawa, na kitabu nacho hakijadanganya. Kitabu kimeacha jambo moja tu, lakini ndilo lenye uzito: pepo hizi hazielekei ikweta ile iliyochorwa kwenye ramani. Zinaelekea ukanda ambao kwa wakati huo una joto kali na mgandamizo mdogo wa hewa. Katikati ya bahari kuu ukanda huo hauendi mbali sana na ikweta, kwa hiyo ukisema "ikweta" hukosei sana. Kwetu sisi, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ukanda unahama maelfu ya kilomita kila mwaka, kwenda na kurudi, na pepo zinaufuata. Kusi ni upepo wa biashara wa kusini mashariki uliovutwa hadi ukavuka mstari wa ikweta. Kaskazi ni ndugu yake wa upande wa pili, aliyevutwa kuja kwetu.

Turudi kwanza kwenye chanzo, maana mwanafunzi akikielewa chanzo hatahitaji kukariri majina.

Kwenye ukanda wa joto hewa hupata moto, hupanuka na kupanda, wakati mwingine hadi kimo cha kilomita 15. Huko juu husambaa kwenda kaskazini na kusini, hupoa, na ikikaribia latitudo 30 hushuka. Hewa inayoshuka hubanwa, ikabanwa ikapata joto na kukauka, mawingu yakapotea. Sahara, Arabuni, Kalahari na jangwa la Australia havikujipanga karibu na latitudo hizo kwa bahati. Chini huko hewa inarundikana na mgandamizo unakuwa mkubwa, kwa hiyo lazima itoke kwenda palipo pungufu. Sehemu yake hurudi kule ilikotoka, kwenye ukanda wa joto, safari hii ikipita juu ya uso wa bahari. Mrejeo huo ndio upepo wa biashara. Usidhani ni jambo dogo: eneo lililo kati ya latitudo 30 kaskazini na 30 kusini ni nusu kamili ya uso wa dunia.

Kwa nini basi hautoki moja kwa moja kaskazini au kusini, bali unakuja umelala, ukitokea mashariki? Kwa sababu dunia inazunguka chini yake. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa na dunia kwenda mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1670 kwa saa. Aliyesimama latitudo 30 anabebwa kwa karibu kilomita 1446, kwani duara lake ni dogo. Hewa inayoondoka latitudo 30 kuelekea ikweta inaingia mahali ambapo ardhi na bahari vinakimbia kuliko yenyewe, nayo inabaki nyuma. Sisi tuliobebwa tunaiona ikitupiga kutoka mashariki. Tofauti ya kasi hizo mbili inazidi kilomita 220 kwa saa, lakini hatupigwi na tufani kila siku, kwa sababu hewa inasuguana na bahari njia nzima na kupoteza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Upepo unaobaki ni wa wastani, kwa kawaida kilomita 20 hadi 30 kwa saa, usiochoka.

Maelezo hayo aliyatoa Mwingereza George Hadley mwaka 1735. Alikuwa mwanasheria. Kabla yake, mwaka 1686, Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alikuwa amechora ramani ya pepo za bahari za joto na kueleza vizuri kwamba jua ndilo linaloendesha kila kitu, ila kwenye suala la mashariki alidhani hewa inalifuata jua linavyosafiri angani. Hesabu za Hadley nazo zilirekebishwa baadaye, hasa baada ya Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835. Kutoka kwake tumepata kanuni ambayo ningependa iandikwe ubaoni kwa herufi kubwa: upande wa kaskazini wa ikweta kitu kinachosafiri hupinda kwenda kulia kwake, upande wa kusini hupinda kwenda kushoto. Kanuni hiyo ndiyo itakayotufungulia kusi.

Kuna mahali kitabu chako ni kweli tupu. Kisiwa cha St Helena, kusini mwa Atlantiki, hupigwa na upepo wa kusini mashariki karibu mwaka mzima. Halley alikaa huko kabla ya kuchora ramani yake. Kwenye bahari yetu wenyewe ipo Rodrigues, mashariki ya Mauritius, nayo ni hivyo hivyo. Upande wa kaskazini mfano mzuri ni kutoka Visiwa vya Kanari kwenda Karibi. Columbus aliondoka kisiwa cha La Gomera tarehe 6 Septemba 1492, upepo ukiwa mgongoni, akafika Bahamas tarehe 12 Oktoba. Kurudi hakuthubutu kupita njia ile ile. Alipanda kaskazini kutafuta pepo zinazovuma kutoka magharibi. Vumbi la Sahara hadi leo linasafiri kwa njia hiyo hiyo aliyokwenda nayo, mamilioni ya tani kila mwaka, na sehemu yake huangukia msitu wa Amazon.

Lakini hata huko ukanda wa joto haukai juu ya ikweta yenyewe. Katika Atlantiki na sehemu kubwa ya Pasifiki unakaa digrii kadhaa upande wa kaskazini karibu mwaka mzima, kwa hiyo hata huko upepo wa kusini mashariki unavuka mstari kidogo. Naona vitabu vingi vingeweza kusema hivyo bila kumchosha mwanafunzi, na vingemwondolea mkanganyiko mapema.

Sasa tuje kwetu. Bahari ya Hindi ina jambo ambalo Atlantiki na Pasifiki hazina: upande wa kaskazini imezibwa na bara kubwa kuliko yote. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Bahari hukawia katika yote mawili. Kuanzia Mei hadi Septemba bara la Asia linachemka, na uwanda wa juu wa Tibeti, wenye kimo cha wastani kinachozidi mita 4500, unapasha hewa kule kule juu. Mgandamizo mdogo sana unajitengeneza juu ya Pakistani na kaskazini magharibi ya India. Ukanda wa joto unaacha ikweta na kwenda kukaa huko, zaidi ya digrii 20 kaskazini. Wakati huo huo kusini, huku kwetu kukiwa na kipupwe, mgandamizo mkubwa wa hewa ulio kusini mashariki ya Madagaska, ambao wataalamu huuita wa Mascarene, unaimarika. Sasa upepo wa biashara una msukumo mkubwa nyuma na mvuto mkubwa mbele, na ikweta katikati haina ukuta wowote wa kuuzuia.

Tuufuatilie bonge moja la hewa mwezi wa Julai. Linaanzia karibu latitudo 30 kusini, likishuka, kavu, chini ya anga jeupe. Linaanza kutembea kaskazini magharibi juu ya bahari ambayo kadiri linavyokwenda inazidi kuwa na uvuguvugu, nalo linafyonza mvuke. Juu yake kuna tabaka la hewa ya joto lililokaa kama kifuniko, kwenye kimo cha kilomita mbili hivi, kwa hiyo mawingu yanayojitengeneza ni yale madogo meupe yaliyotawanyika, yenye vitako bapa, ambayo yanapita kwa safu bila kutoa mvua ya maana. Likifika ncha ya kaskazini ya Madagaska linabanwa na milima na kuongeza kasi. Wenyeji wa Antsiranana wanaujua upepo huo kwa jina la varatraza, na wanaishi nao kuanzia Aprili hadi Novemba. Kisha linaingia kwetu: Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja. Uelekeo wake bado ni kusini mashariki, lakini umeshaanza kunyooka kuelekea kaskazini.

Hapo Tanga linakutana na Usambara. Sehemu inayopanda mlima inapoa na kudondosha maji yake, ndiyo maana Amani inapata karibu milimita 1900 za mvua kwa mwaka, na ukivuka kwenda nyuma ya milima, upande wa Mkomazi, unakuta nusu jangwa. Sehemu kubwa ya hewa haiwezi kupanda. Milima na nyanda za juu, kuanzia huko Usambara kupita Kenya hadi Ethiopia, zinaizuia isitawanyike kwenda bara, nayo inakwenda sambamba na pwani, imebanwa, ikiongeza mwendo. Inavuka ikweta kaskazini kidogo ya Kismayu. Hapo ndipo kanuni ya Coriolis inapogeuka. Kusini ya mstari hewa ilikuwa ikipindishwa kushoto. Kaskazini ya mstari inapindishwa kulia. Upepo uliotoka kusini mashariki unakuwa wa kusini kabisa, halafu wa kusini magharibi. Ni hewa ile ile, kilichobadilika ni uelekeo tu. Inapita pwani ya Somalia, inapita Socotra, inakata Bahari ya Arabuni na kupiga pwani ya Kerala, ambako kwa kawaida wanaitarajia tarehe 1 Juni. Mvua inayolimiwa mpunga India sehemu yake ni mvuke ulioinuka kwenye bahari ya kusini yetu.

Mkondo huo wa hewa una kasi ambayo mtu wa chini haioni. Mwaka 1969 mtaalamu J. Findlater alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kwenye kimo cha kilomita moja hadi moja na nusu, juu ya mashariki ya Kenya na Somalia, hewa inakimbia kama mto mwembamba, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Mpaka leo mkondo huo unajulikana kwa jina lake. Hakuna mahali pengine duniani ambapo hewa nyingi kiasi hicho inavuka ikweta karibu na ardhi. Huyo mwanafunzi wako, kwa hiyo, anaishi pembeni ya njia kuu ya hewa ya dunia, na nadhani anastahili kuambiwa hivyo.

Kaskazi naweza kuieleza kwa ufupi, kwa kuwa ni mambo yale yale yakienda kinyume. Kuanzia Novemba Asia inapoa, Siberia inajaa hewa nzito ya baridi, mgandamizo unapanda. Ukanda wa joto unahamia kusini, na Januari unakaa juu ya kusini mwa Tanzania, Malawi, Msumbiji na kaskazini mwa Madagaska. Upepo wa biashara wa kaskazini mashariki unavuka ikweta kuufuata. Himalaya inazuia baridi kali ya Siberia isishuke nao, ndiyo maana kaskazi inatufikia ikiwa ya joto. Ukisha kuvuka mstari unapinda kushoto, na kusini zaidi unakuja kama upepo wa kaskazini au hata wa kaskazini magharibi. Ni mpole kuliko kusi, bahari inatulia, na wavuvi wanafika mbali. Kwa kuwa umepita Arabuni na Somalia, na unakwenda sambamba na pwani badala ya kuipanda, hauleti mvua nyingi kwenu: Januari na Februari Tanga ni jua kali. Lakini Songea na Mtwara ndio wanapalilia, maana ukanda ule wa joto, unaoleta mvua, uko kwao.

Na hapo, mwalimu, umepata maelezo ya masika na vuli bila kutafuta. Ukanda ule wa joto ndipo pepo mbili zinapokutana na kupanda, na hewa yenye mvuke ikipanda mvua inanyesha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita ukanda mvua. Unapita juu yenu mara mbili: ukipanda kaskazini, Machi hadi Mei, mnapata masika, ukishuka kusini, Oktoba hadi Desemba, mnapata vuli. Kule kusini mwa nchi ndio mwisho wa safari yake, unafika na kugeuka, kwa hiyo wana msimu mmoja mrefu. Siku zile ambazo ukanda uko juu yenu, hakuna upepo unaotawala. Mara huku, mara kule, mara shwari, kisha ngurumo ya mvua jioni. Ndiyo tangambili.

Babu wa mwanafunzi alikuwa na ratiba nzima kichwani. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, Desemba hadi Februari, yakauza tende na chumvi na mazulia, yakangoja. Kurudi yalikuwa na milango miwili: mwanzo wa kusi, Aprili na Mei, au mwisho wake, Agosti na Septemba, kwenye demani. Juni na Julai nahodha mwenye akili hakutoka, kwa sababu kusi ikiwa katika nguvu zake zote bahari ya Somalia na Arabuni haina huruma. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika hadi Kilwa, kufanya biashara na kurudi ndani ya mwaka mmoja wa pepo. Kwenda Sofala, huko Msumbiji, kwenye dhahabu, hakikuwahi. Kilibidi kulala ng'ambo kungoja msimu mwingine. Hiyo ni sababu kubwa mojawapo ya Kilwa kutajirika: ilikaa pale upepo wa kaskazi unapoanza kuishiwa, na dhahabu ya Sofala ikapitia mikononi mwake.

Anayetaka kuona gharama ya kupuuza ratiba hiyo asome safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyeijua njia. Hakumaliza mwezi akawa amefika karibu na Calicut. Kisha akaondoka India mwishoni mwa Agosti, upepo bado ukivuma kumpinga, akapotezea wiki kadhaa kwenye visiwa vya pwani ile, na alipokata bahari mwezi wa Oktoba aliingia katikati ya shwari za tangambili. Hakuiona pwani ya Afrika mpaka mapema Januari 1499, alipotokeza Mogadishu. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, na mojawapo, São Rafael, aliichoma moto kwenye miamba ya Mtangata. Hapo ni kwenu, mwalimu, upande wa Tongoni. Wapeleke wanafunzi wakasimame kwenye magofu ya Tongoni na kutazama bahari. Ni somo la pepo lililo mwendo wa nusu saa kutoka mjini.

Wakiuliza kama mambo haya yana kazi leo ambapo hakuna anayengoja jahazi, waonyeshe uwanja wa ndege wa Zanzibar. Njia ya kurukia imelala kaskazini kwa kusini. Namba zilizochorwa kwenye ncha zake ni 18 na 36, maana yake digrii 180 na digrii 360 za dira. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo. Wakati wa kusi zinatua zikielekea kusini, zikitokea upande wa mji. Wakati wa kaskazi zinageuza. Wajenzi waliulaza uwanja kwenye mstari wa pepo zetu mbili.

Mfano mwingine uko Marsabit, Kenya, karibu na Loiyangalani. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mlango mpana wa bonde, na upepo wa kusini mashariki unapita humo kwa nguvu karibu mwaka mzima, hata wakati wa kaskazi, kwa sababu hewa inayofika hapo inalazimishwa na milima kufuata bonde. Kituo cha umeme wa upepo cha Ziwa Turkana kilichozinduliwa Julai 2019 kina mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Hakuna mtu anayeweka mitambo mia tatu na zaidi mahali ambapo upepo unavuma ukipenda. Huko ndiko, ndani ya Afrika Mashariki, upepo unapofanana zaidi na ule wa kitabu chako.

Swali lako la El Niño. Usemi kwamba inaletwa na pepo kulegea ni nusu ya ukweli. Katika Pasifiki pepo za biashara zinasukuma maji ya juu, yaliyopashwa na jua, kutoka Amerika ya Kusini kwenda Indonesia. Zinasukuma kiasi kwamba uso wa bahari upande wa Indonesia unakuwa juu kwa karibu nusu mita kuliko upande wa Ekwado, na pwani ya Peru maji baridi yanapanda kutoka chini kuziba pengo, yakileta samaki tele. Pepo zikilegea, maji ya uvuguvugu yanarudi mashariki, na hiyo ndiyo El Niño. Sasa angalia: yakisharudi, tofauti ya joto kati ya pande mbili za bahari inapungua, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiziendesha pepo. Kwa hiyo zinalegea zaidi, na maji yanarudi zaidi. Upepo unaibadili bahari na bahari inaubadili upepo. Ukiuliza kipi kilianza, hupati jibu moja. Jacob Bjerknes alilieleza jambo hilo mwaka 1969.

Kwa mkulima wa Korogwe au Muheza kuna jambo la karibu zaidi kuliko Pasifiki. Bahari ya Hindi ina mchezo wake. Kwa kawaida, miezi ya mabadiliko, upepo juu ya ikweta ya bahari yetu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kusukuma maji ya joto kuelekea Sumatra. Miaka fulani upepo huo unadhoofika au kugeuka kabisa, unavuma kutoka mashariki, maji ya joto yanarundikana kwetu, na vuli inakuwa ya mafuriko. Wataalamu waliipa hali hiyo jina la daipoli ya Bahari ya Hindi mwaka 1999, baada ya kuchunguza mvua za kutisha za 1997. Mwaka 1997 El Niño na daipoli zilikuja pamoja, tukaona barabara na madaraja yakisombwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa sana Pasifiki, watu wakajiandaa kwa 1997 nyingine, lakini bahari yetu haikuitikia kwa nguvu ile na mvua hazikufikia zile. Mwaka 2019 haikuwapo El Niño ya maana, daipoli ikawa kali, na vuli ikafurika hadi Desemba. Ndiyo maana nawaomba wanaotangaza hali ya hewa redioni wasiseme "El Niño" kila mvua inapozidi. Watazame kwanza bahari iliyo mbele yetu.

Kwa darasa lako napendekeza kazi moja isiyohitaji fedha. Funga kitambaa chembamba juu ya mlingoti wa bendera, chora dira ya pande nane chini yake kwa chokaa, na wanafunzi waandike uelekeo mara mbili kwa siku: saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Mara mbili ni lazima, kwa sababu alfajiri kuna upepo wa nchi kavu unaotoka bara, ule wavuvi wanaotoka nao, na alasiri kuna upepo wa bahari unaoingia kwa nguvu. Huo wa alasiri unajumlika na msimu: ikiwa ni kusi mtaona kusini mashariki, ikiwa ni kaskazi mtaona kaskazini mashariki. Mkipima asubuhi tu mtadhani Tanga upepo unatoka magharibi. Anzeni Septemba mpaka Januari, ili mpitie tangambili moja nzima, kisha mchore hesabu za kila mwezi kwenye karatasi moja. Waangalizi watasumbuka Oktoba na Novemba, uelekeo hautakaa mahali, wasifute chochote.

Kwenye mtihani mwanafunzi akiulizwa uelekeo wa pepo za biashara, aandike kama kitabu kinavyosema, atapata alama zake. Akiulizwa habari za kusi na kaskazi, aandike kwamba ni pepo za biashara za Bahari ya Hindi ambazo bara la Asia linazivusha ikweta, kusi kuanzia Aprili hadi Oktoba, kaskazi kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na zikivuka zinabadili mpindo. Mtoto wa mvuvi mpe kazi ya ziada: amwulize babu, kama yu hai, majahazi ya mwisho aliyoyaona yakiondoka yaliondoka mwezi gani, na walitazama dalili gani, nyota au mawimbi au ndege, kujua kwamba kusi imeingia kweli. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari lile lile la vipimo, na tarehe.